Mashine za useremala kwa karakana ya Lamu: za nyumbani au za kiwanda?

Rafuni zimekaa randa mbili za umeme. Zote ni za upana wa milimita 82, zote zina plagi ya pini tatu, na boksi zote mbili zimeandikwa kwamba ni mashine za kiwandani. Bei ya moja ni mara tatu ya mwenzake. Fundi wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, aliyepewa kazi ya vitanda sita anauliza swali moja tu: nikilipa mara tatu, napata nini?

Jibu haliko kwenye boksi. Liko kwenye mota, kwenye beringi, na kwenye saa ambazo mashine itafanya kazi kwa wiki. Kwa Lamu kuna mambo mengine matatu ambayo fundi wa Nairobi hasumbuki nayo sana: chumvi iliyo hewani, umeme unaofika ukiwa umechoka mwisho wa waya mrefu, na uzito wa kitu kinachopaswa kuvuka maji kutoka Mokowe kisha kipite vichochoroni. Msimamo wetu tunauweka wazi tangu mwanzo: usijaze karakana mashine za daraja moja, ziwe za juu au za chini. Chagua mashine moja moja, na kila moja uihesabie saa zake.

Madaraja ni matatu

Watu husema "ya nyumbani" na "ya kiwanda" kana kwamba hakuna kitu katikati. Kipo, tena ndicho kinachowafaa mafundi wengi. Daraja la kwanza ni mashine ya mwenye nyumba: imeundwa kwa dakika chache za kazi, ipumzike, irudi kabatini. La pili ni mashine ya mkononi ya fundi, iliyoundwa ishikwe kila siku na ifunguliwe ikiharibika. La tatu ndilo la kiwanda hasa: mashine inayosimama sakafuni, mota kubwa isiyo na kaboni, mara nyingi ya umeme wa fezi tatu.

Kampuni nyingine hutenganisha madaraja haya kwa rangi au kwa jina. Bosch hupaka kijani mashine za nyumbani na buluu za mafundi. Black+Decker na DeWalt ni za mwenye mmoja, Stanley Black & Decker, ya kwanza ikilenga nyumba na ya pili ikilenga mafundi. Makita ina safu nafuu iitwayo MT kando ya safu yake kuu. Kwa hiyo jina kubwa peke yake halitoshi. Uliza ni safu gani.

Mota ndiyo mashine

Mashine za mkononi zenye waya, za bei rahisi na za bei kali, karibu zote zina mota ya kaboni. Vipande viwili vya kaboni husukumwa na springi viguse komyuteta, pete ya shaba inayozunguka na shafti, na hapo ndipo umeme unapoingia kwenye amecha, yaani koili zinazozunguka katikati ya mota. Mota hii ni nyepesi, ina nguvu nyingi kuliko umbo lake, na huzunguka kwa kasi kubwa. Rauta, mashine za kuchonga kingo na mifereji, nyingi hupita mizunguko 20,000 kwa dakika. Hasara zake ni kwamba inakula kaboni, inapiga kelele, na inapozwa na feni iliyofungwa kwenye shafti yake yenyewe.

Hapo kwenye feni ndipo mashine nyingi zinapoungulia. Fundi akiikandamiza, mzunguko unashuka. Mzunguko ukishuka, feni nayo inavuta hewa kidogo, na wakati huo huo umeme unaopita kwenye koili unaongezeka. Joto linapanda na upepo unapungua kwa pamoja. Vanishi ya waya wa amecha inaungua, koili zinagusana, cheche zinazunguka komyuteta nzima kama pete ya moto, kisha inakuja ile harufu ambayo kila seremala anaijua.

Tofauti kati ya randa ya nyumbani na ya fundi imo ndani ya mota hii hii. Katika ya fundi, waya wa amecha umefunikwa resini ngumu ili vumbi linalovutwa na feni lisiukwangue. Kaboni zinafikiwa kwa kufungua vifuniko viwili vya nje kwa bisibisi, kazi ya dakika tano, na baadhi huzima zenyewe kaboni ikifika mwisho kabla haijaikwaruza komyuteta. Shafti inakaa kwenye beringi za gololi zilizofunikwa mpira pande zote mbili. Katika ya nyumbani, upande mmoja wa shafti unaweza kuwa umekaa kwenye bushi tu, mwili wote ni plastiki inayolegea kwa joto hadi beringi ikaanza kucheza katika kiti chake, na kuzifikia kaboni ni lazima upasue mwili mzima na kutoa skrubu nane au tisa.

Mota ya indaksheni ni kitu kingine kabisa. Haina kaboni. Kwa umeme wetu wa hezi 50 huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika ikiwa ni ya poli (ncha za sumaku) mbili, au karibu 1,430 ikiwa ya poli nne. Ni nzito na ya taratibu, sauti yake ni ya kuvuma, si ya kulia, na inaweza kufanya kazi kutwa. Ikiharibika, mara nyingi ni kapasita, beringi, au swichi ya ndani inayokata koili ya kuwashia. Hivi vyote fundi wa pampu za maji anavijua, kwa sababu pampu nyingi za visima zina mota ya aina hiyo. Kwa mtu wa kisiwani hilo si jambo dogo: mashine inayotengenezeka hapa hapa ina faida kuliko yenye nguvu zaidi inayosubiri kipuri kutoka Mombasa.

Soma bamba, usisome boksi

Nguvu farasi moja ni wati 746. Plagi ya kawaida ya kwetu ni ya ampea 13, na kwa volti 240 hiyo ni wati 3,120 zinazoingia kwenye mashine. Mota ya kaboni hugeuza sehemu tu ya hizo kuwa kazi. Zilizobaki ni joto. Basi mashine yenye plagi ya ukutani inayojitangaza kuwa ya nguvu farasi 5 inataja nguvu ya kilele, ile ya kitambo kifupi kabla haijazima, si nguvu ya kupasulia ubao.

Mota ya kiwanda haina haja ya kujisifu. Kwenye bamba lake, kile kibati cha maelezo kilichobandikwa mwilini, utaona kilowati zinazotoka kwenye shafti, na pembeni herufi S1, maana yake inaweza kubeba mzigo huo mfululizo bila kikomo. Ukiona S6 na asilimia 40, maana yake katika kila dakika kumi inastahimili mzigo kwa dakika nne tu, sita zilizobaki izunguke bure. Mota mbili za kilowati 2.2, moja S1 na nyingine S6, si mota sawa. Tazama pia IP, kipimo cha kinga dhidi ya vumbi na maji: IP54 ni mota iliyofungwa dhidi ya vumbi na maji ya kurushiwa, IP20 ni mota iliyo wazi. Klasi ya insulesheni, yaani kinga ya waya wa koili, ikiwa F huvumilia joto la nyuzi 155, B nyuzi 130. Kwa joto la pwani, hizo nyuzi 25 zina thamani.

Umeme unaofika umechoka

Mota ya kaboni ikipewa volti pungufu huzunguka polepole tu. Mota ya indaksheni ndiyo inayopata taabu, kwa sababu nguvu yake ya kuanza kuzunguka hufuata mraba wa volti. Ukipata volti 200 badala ya 240, nguvu ya kuwasha inashuka hadi kama asilimia 69. Mashine inaguna, haizunguki, na ikikaa hivyo nusu dakika koili inaanza kuungua. Kabla ya kununua mashine ya kusimama, pima volti kwenye soketi yenyewe saa za jioni ambapo nyumba zote zimewasha, tena pima kukiwa na mzigo, si soketi tupu.

Waya wa kuongezea ndio mwizi anayesahaulika. Chukua mita 30 za waya na mashine inayovuta ampea 10. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.75 utapoteza karibu volti 16 njiani. Wa 1.5 utapoteza karibu 8, wa 2.5 kama 5. Na ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu lake, utoe wote. Waya uliokunjwa haupoi, na plastiki yake huyeyuka ndani kabla hujaona dalili nje.

Kwa jenereta, kumbuka mota ya indaksheni ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya umeme wake wa kawaida kwa muda mfupi. Mashine ya kilowati 1.5 inaweza kuizima jenereta ya kilowati 3. Mota ya kaboni yenye kuwasha kwa taratibu haina shida hiyo. Ndiyo maana kwa anayefanya kazi Matondoni ufukweni, kando ya jahazi, mashine ya mkononi ya daraja la fundi au ya betri inafaa kuliko kitu chochote cha kusimama.

Fezi tatu ni volti 415. Kama jengo lako halina, usinunue mashine ya fezi tatu kwa matumaini. Kuna kigeuzi cha kielektroniki kinachotoa fezi tatu kutoka fezi moja, na kwa mota hadi kilowati 2.2 kinapatikana, lakini kwanza hakikisha mota inaweza kufungwa kwa mtindo wa delta wa volti 230. Bamba likiwa na 400/690 peke yake, kigeuzi cha kawaida hakitaifikisha kwenye nguvu yake.

Chumvi haiulizi daraja

Hapa mashine ya nyumbani mara nyingine inamshinda mkubwa wake. Meza ya mashine ya kiwanda ni ya chuma kizito cha kusubu. Haitetemeki, haipindi, na kwa usiku mmoja wa masika inaweza kuamka na rangi ya kutu. Meza ndogo ya aluminiamu hupata madoa meupe tu. Mwenye meza ya chuma anapaswa kuipaka nta ngumu kila wiki, kuifunika nguo kavu wala si nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu ndani. Mafuta ya silikoni usiyatumie kabisa: yakiingia kwenye ubao, vanishi haishiki, inajitenga kama maji juu ya jani la mgomba.

Chumvi hushambulia swichi na komyuteta pia. Mashine iliyokaa miezi miwili bila kutumika komyuteta yake huwa na utando mweusi, nayo ikiwashwa hutoa cheche nyingi. Iache izunguke bure dakika moja au mbili kabla ya kuipa kazi. Kaboni zikibaki milimita 5 au 6, badilisha zote mbili kwa pamoja, na usichonge kaboni ya mashine nyingine iingie. Ugumu wa kaboni hutofautiana, na ngumu mno huila komyuteta. Beringi ni rahisi zaidi: zina namba za dunia nzima. Namba 608 ni shimo la milimita 8, kipenyo 22, unene 7. 6201 ni 12, 32 na 10. Hizo hupatikana hata kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Chagua yenye alama 2RS, ya kifuniko cha mpira, si ZZ ya bati ambayo vumbi la msasa hupenya.

Mbao zetu zinataka nini

Mashine nyingi za nyumbani hujaribiwa kwenye msonobari laini. Kazi ya Lamu ni mvule, mbambakofi, mwarobaini, mwembe, mvinje, na mbao za majahazi yaliyokwisha kazi.

Mvule una tabia inayojulikana: ndani ya mti hujitengeneza vijiwe vya chokaa, vingine vidogo kama mchanga, vingine vya kushikika mkononi. Kisu cha chuma cha kawaida kikikutana na jiwe hilo kinang'oka ncha. Msaji una mchanga wake wa silika unaofanya hivyo hivyo taratibu. Kwa mbao hizi meno ya kabaidi, madini magumu kuliko chuma cha kawaida, si anasa. Ila kabaidi inataka shafti isiyotetemeka: kwenye mashine ambayo shafti yake inacheza robo milimita, jino la kabaidi hupasuka badala ya kuchakaa. Kwa hiyo kununua msumeno ghali na kuufunga kwenye mashine dhaifu ni kupoteza fedha mara mbili.

Nyuzi za mvule na mwarobaini hupishana. Ukipitisha randa kwa kina cha milimita 2, uso unachunika vipande. Pita nusu milimita, kisu kikali, na mwendo wa polepole. Randa ya nyumbani inaweza hilo kabisa. Itachukua tu muda mrefu, na muda ndio unaoichosha mota.

Mbao za jahazi ni hatari ya peke yake. Misumari imekatika ndani, matundu yamezibwa, na juu kuna rangi na mafuta. Pitisha sumaku kali au kifaa cha kutafuta chuma, kwangua uso wote kwa mkono, ndipo uione mashine. Kama unafanya samani za mbao hizi kila siku, thiknesa, mashine ya kuranda ubao ufike unene mmoja, yenye visu vidogo vya kabaidi vya pande nne inalipa: kisu kimoja kikivunjika unakigeuza, hutoi seti nzima. Thiknesa ya nyumbani yenye visu viwili virefu ikikutana na msumari mmoja, mstari ule utauona kwenye kila ubao hadi unoe upya.

Mashine kwa mashine

Keekee. Kama ni matundu ya skrubu na bawaba, ya nyumbani inatosha. Anayefunga makabati kila siku anunue ya betri ya volti 18 isiyo na kaboni, na abaki na aina moja ya betri kwa mashine zake zote. Betri usizichaji juani wala juu ya paa la mabati. Joto huziua mapema kuliko kazi.

Msasa. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Hubana fedha kwenye msasa kwa sababu ni mashine ndogo, kumbe ndiyo inayokula saa nyingi kuliko zote. Kitanda kimoja cha nakshi kinaweza kupitishwa thiknesa kwa nusu saa na kusuguliwa msasa siku nzima. Msasa wa nyumbani hufa beringi kwa vumbi, kisha sahani yake ya kushikia karatasi inayeyuka na karatasi inaruka. Kama una fedha za mashine moja tu ya daraja la fundi, iwe msasa wa mzunguko wa milimita 125, wenye mfuko au bomba la kuvutia vumbi.

Msumeno wa kuchonga mikunjo, ule wa blade nyembamba inayopanda na kushuka. Wa nyumbani unakata vizuri ubao wa milimita 20. Kwenye mvule wa milimita 40 blade inapinda, juu unafuata mstari na chini umetoka nje milimita tatu. Kosa ni roda ndogo inayoshika blade kwa nyuma. Kwenye mashine hafifu haiko imara.

Rauta. Hii hatuipimi kwa saa, tunaipima kwa usalama. Tazama koleti, ule mdomo unaobana biti. Zipo za milimita 6 na za 6.35, za 12 na za 12.7, na kwa jicho zinafanana. Biti ya 6 ndani ya koleti ya 6.35 inaweza kuonekana imekaza kisha ikachomoka ikiwa kwenye mizunguko 20,000. Biti pana zaidi ya milimita 50, kama zile za kutoa umbo la ukingo wa mlango, zinataka mwendo upunguzwe hadi 16,000 au chini zaidi, kwa hiyo rauta isiyo na kirekebisha mwendo haifai kwa kazi hiyo kamwe. Kwa fremu za milango mikubwa nunua ya fundi, ya wati 1,600 kwenda juu. Nakshi yenyewe ibaki kwa patasi na juba; rauta iondoe nyama tu.

Msumeno duara wa mkononi. Wa milimita 190 hukata kina cha karibu milimita 65 hadi 70, unatosha ubao mwingi. Pindua mashine utazame bamba la chini. La bati lililopondwa likianguka mara moja linapinda, na kuanzia hapo hakuna pembe ya nyuzi 90 tena. La aluminiamu nene hubaki sawa.

Thiknesa. Ya kubebeka, upana wa kama milimita 305, mota ya kaboni, uzito unaobebwa na watu wawili, ni mashine nzuri kuliko sifa yake. Hesabu ya alama za visu inaonyesha hivyo: visu viwili kwa mizunguko 8,000, ubao ukienda mita 8 kwa dakika, alama zinaachana nusu milimita. Ya kiwanda yenye visu vinne kwa mizunguko 5,000 na mwendo huo huo hutoa alama za milimita 0.4. Macho hayaoni tofauti baada ya msasa. Tofauti ni kwamba ya kiwanda inaondoa milimita 3 kwa pito moja kutwa nzima, na ya kubebeka inataka nusu hadi moja, kisha ipumzike. Tena ya kubebeka huchimba ncha za ubao, milimita 50 hadi 80 za mwanzo na mwisho, kwa sababu kichwa chake kinaning'inia kwenye nguzo nne na ubao unainuka unapobanwa na rola moja tu. Inua kidogo ubao kwa mkono unapoingia na unapotoka, au kata ubao ukiwa mrefu kwa sentimita 20.

Msumeno wa meza na msumeno wa mkanda. Hapa tunatofautiana na wanaoanza na msumeno wa meza. Ule wa nyumbani, wa mota ya kaboni na blade ya milimita 254, ukipewa mvule wa milimita 50 unachoma ubao. Upau unaoongoza ubao umebanwa mbele tu, nyuma unasogea. Ukielekea kwenye blade, ubao unabanwa, meno ya nyuma yanaunyanyua na kuurusha kifuani mwa fundi. Bapa la chuma linalosimama nyuma ya blade, linalozuia mpasuo usijifunge, lisiondolewe kamwe, na unene wake uwe mkubwa kuliko bati la blade na mdogo kuliko mpasuo wa meno. Ukinunua blade nyembamba, linganisha na bapa hilo.

Kwa mashine ya kwanza ya kusimama Lamu, sisi tunapendelea msumeno wa mkanda. Hata mdogo wake wa magurudumu ya milimita 350 mara nyingi huja na mota ya indaksheni ya fezi moja. Unapoteza kama milimita moja tu ya mbao kwa kila mpasuo badala ya tatu, jambo zito kwa bei ya mbambakofi. Unakata mikunjo ya mataruma ya mashua, unapasua gogo la mwembe, na haurushi ubao kumrudia fundi. Uso unaotoka ni wa kukwaruza, lakini thiknesa ipo.

Kuvusha na kuweka

Muulize muuzaji uzito wa kipande kizito kuliko vyote baada ya kufungua mota na meza, si uzito wa jumla. Msumeno wa kiwanda wa kilo 250 ukifunguliwa vipande vya kilo 80 unabebwa na mahamali. Ukiwa mzima, utabaki gatini. Pima upana wa kichochoro kwenye kona yake kali na upana wa mlango wako. Mashine nzito ikae chini, sakafu ya ardhini. Ghorofa la nyumba ya mawe limebebwa na boriti za mkoko, na mtetemo wa kila siku huzilegeza kwenye ukuta.

Kuna na majirani. Mota ya kaboni hulia. Thiknesa ya kubebeka kwenye kichochoro cha Mkomani inasikika nyumba kumi. Mashine ya indaksheni inavumilika zaidi. Hili lihesabu kabla jirani hajalihesabu. Vumbi pia: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 1995, na la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Mashine za kiwanda hutoka na mdomo wa bomba wa milimita 100 tayari. Za nyumbani nyingi zina tundu dogo lisilolingana na bomba lolote.

Mitumba

Mashine kuukuu ya kiwanda kutoka Uingereza, kama Wadkin, inaweza kuwa imara kuliko mpya ya bei hiyo hiyo, na umeme wake unalingana na wetu. Lakini mashine za mkononi zilizotumika kwenye ujenzi huko huwa za volti 110 na plagi ya njano. Ukizibadilisha plagi na kuzichomeka 240, zinaungua papo hapo. Za Marekani ni volti 120, hezi 60. Hata ukizipa transfoma, mota ya indaksheni ya mizunguko 3,450 kwetu huzunguka karibu 2,875, na hupata joto zaidi.

Piga hesabu ya saa

Tuseme randa ya nyumbani ni shilingi 6,000 na utaipata saa 60 za kazi kabla haijaungua. Hiyo ni shilingi 100 kwa saa. Tuseme ya fundi ni 20,000, inakwenda saa 800, na utabadilisha kaboni mara tatu kwa 600 kila mara. Ni 21,800 kugawanya 800, yaani shilingi 27 na kidogo kwa saa. Namba ni za mfano, weka zako. Sasa geuza: kama unaranda saa 15 tu kwa mwaka, ile ya nyumbani itakufaa miaka minne, na ya fundi ingetaka zaidi ya miaka 50 kumaliza saa zake, wakati kutu haitaisubiri. Mwenye saa 15 kwa wiki yeye asiiguse ya nyumbani, ataimaliza ndani ya mwezi mmoja.

Dukani, omba mashine ichomekwe. Isikilize inapozimwa, si inapowashwa: inayoshuka kwa ulaini beringi zake ni nzima, inayokwaruza ina kasoro tangu boksini. Ikiwa imechomolewa, shika shafti kwa vidole uisukume juu na chini. Ikicheza, omba nyingine. Tafuta vifuniko vya kaboni kwa nje. Muulize muuzaji akuonyeshe kaboni, swichi na amecha ya modeli hiyo hiyo, azitoe rafuni uzione, na andika namba zake nyuma ya risiti.